Mirija Miwili

Huko Paysandú, mate ni majani machungu
yanayomiminiwa maji ya moto ndani ya kibuyu
na kunywewa kwa mrija mmoja wa chuma
unaozunguka mdomo hadi mdomo,
na anayeufuta mrija kabla ya kunywa
amemtukana mwenye nyumba.
Katika lugha yangu, mate ni maji ya kinywa tu.
Ubaldo Etcheverry aliyakosa yote mawili
wiki moja ya Julai,
baridi ikiuma hata ndani ya soksi za hospitali.

Alikuwa karani wa mizani.
Miaka thelathini na mmoja alipima malori ya soya,
kwanza na shehena, kisha matupu,
akitoa hiki katika kile.
Sasa kila alfajiri nesi humpandisha yeye.
Sitini na nne. Sitini na moja. Hamsini na nane na nusu.
"Lori tupu," aliandika kwenye daftari,
maana kusema kulikuwa kumeza vigae.

Walidhani ni dawa.
Dawa ya saratani ya damu haichagui,
hufyeka magugu na mpunga pamoja,
na ngozi laini ya kinywa ni mpunga.
Wakampa maji ya chumvi na magadi asukutue,
wakampa jeli ya ganzi,
wakamwambia vumilia, mzee, itapita.
Haikupita.
Supu ya malenge ilirudi jikoni na utando juu.
Binti yake Nélida alikula mkate wake chooni
asije akamwona akitafuna.

Zulma ndiye aliyeona, nesi wa zamu ya usiku,
miwani yake imeshikizwa kwa plasta.
Aliinua mdomo wa juu kwa kijiti cha mbao,
akamulika kurunzi, akanyamaza.
Vya dawa, alisema, hupenda mashavu na chini ya ulimi.
Hivi vimepanda ufizi na kaakaa gumu,
vidogo, vimesongamana
kama watu kwenye kibaraza mvua ikinyesha.
Akapitisha pamba, akaitia kwenye kichupa,
akaandika jina kwa herufi kubwa.

Jibu lilikuja Alhamisi: kirusi.
Wala si mgeni.
Kiliingia labda mwaka wa hamsini na tano,
bibi yake, doña Eulogia,
alipombusu mdomoni kwa sababu alikuwa amelia.
Kikapanda mshipa wa fahamu wa uso,
kikajilaza kwenye fundo lake karibu na sikio
miaka sitini na kitu,
kikimsikiliza akibishana na madereva juu ya kilo.
Walinzi weupe wa damu walipofyekwa,
kikashuka kwa ngazi ile ile.

"Bibi yangu?" aliandika Ubaldo.
Nélida akachukua kalamu.
"Busu halina hatia," aliandika. Akalifuta.
"Ulikuwa umelia kwa nini?"
Alifikiri hadi dripu ikafika nusu.
"Kondoo," aliandika. "Walimchinja."

Dawa mpya iliingia tone kwa tone,
kila baada ya saa nane.
Siku ya sita alimeza mate yake mwenyewe
bila kufumba macho,
na Zulma akalitia hilo kwenye faili,
kwenye mstari wake peke yake,
kana kwamba ni uzito.

Kirusi hakikufa. Hakifi.
Kimerudi kwenye fundo lake, kimelala,
na vidonge asubuhi na jioni
vinashika zamu mlangoni.

Jumapili Nélida alileta kibuyu,
chupa ya maji aliyoruhusiwa na daktari,
na mirija miwili.
Ubaldo aliutazama ule wa pili kwa muda,
yeye ambaye hajawahi kufuta mrija
hata uliotoka mdomoni mwa adui.
Kisha akausukuma upande wa binti yake.
Akavuta.
"Vuguvugu," alisema, kwa sauti,
neno la kwanza baada ya siku kumi na tisa,
"kama mkojo wa ng'ombe."
Akavuta tena.